PES 6: ipi ya kununua, na uicheze vipi

Mtu akikuambia anauza PES 6, usianze na bei. Muulize kwanza ni ya mashine gani. Konami waliitoa Ulaya mwishoni mwa Oktoba 2006 kwa PlayStation 2, Xbox 360 na kompyuta, kisha zikafuata za PSP na Nintendo DS. Jina lilikuwa lile lile, na jalada la Uingereza lilikuwa na John Terry na Adriano, lakini ukishawasha unakutana na gemu zisizofanana. Mwenye Xbox 360 na mwenye PS2 wanaweza kubishana kuhusu PES 6 mpaka usiku wa manane, na kila mmoja akawa anasema kweli.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusipotezeane muda: nunua ya PS2. Kama huna nia ya kumiliki mashine na unayo kompyuta ya zamani inayofanya kazi, chukua ya kompyuta. Zilizobaki ni za mtu mwenye sababu yake mwenyewe, na wengi wetu hatuna sababu hiyo.

Majina yanayochanganya

Gemu hizi zilitoka mikononi mwa timu ya Konami ya Tokyo, iliyoongozwa na Shingo Takatsuka, ambaye wapenzi wa gemu wamemzoea zaidi kwa jina la Seabass. Japani ziliitwa Winning Eleven, Ulaya zikaitwa Pro Evolution Soccer, na namba zake hazikwenda sambamba. PES 5 ya Ulaya ndiyo Winning Eleven 9. PES 6 ndugu yake wa Japani ni Winning Eleven 10. Wamarekani waliipata mwanzoni mwa 2007 ikiwa na jina refu: Winning Eleven: Pro Evolution Soccer 2007.

Hili lina maana kwenye pochi yako. Winning Eleven 10 ilitoka Japani Aprili 2006, kabla ya Kombe la Dunia la Ujerumani na kabla ya usajili wa majira yale ya joto. Kwa hiyo vikosi vyake ni vya nyuma kuliko vya PES 6, na menyu zake ni za Kijapani tupu. Ukiona bei yake ni ya kutupa, jua inatupwa kwa sababu. Ukikuta diski imeandikwa ISS, hiyo ni habari nyingine tena: ISS za miaka ile ya PS2 zilitengenezwa na timu ya Konami ya Osaka, na uwanjani hazina uhusiano na PES unayoijua.

Kuna pia swali ambalo huulizwa sana: kwa nini nisichukue ya mwisho kabisa? PS2 iliendelea kupata PES mpaka PES 2014, iliyotoka Novemba 2013, miezi kadhaa baada ya Sony kuacha kuitengeneza mashine yenyewe. Ukitaka vikosi vipya tu, zipo. Lakini matoleo yale ya mwishoni kwenye PS2 yalikuwa yakibadilisha majina na jezi huku soka likibaki palepale, na mimi sioni kilichoongezeka uwanjani. Ushindani wa kweli na PES 6 unatoka nyuma, kwa PES 5. Hiyo ni nzito zaidi, mpira unapigwa taratibu, na marefa wake wanapuliza filimbi kwa kugusana bega. Kuna wazee wa gemu wanaoapa kwamba PES 5 ndiyo bora. Siwagombezi. PES 6 ni nyepesi, kasi yake iko juu kidogo, marefa wamelegeza, na mtu anayeanza leo haitamkatisha tamaa.

Xbox 360, kompyuta na wadogo zao

Xbox 360 ilikuwa mashine mpya, na kwa macho PES 6 yake inapendeza: nyasi, nyuso, mikunjo ya jezi. Unaweza ukadhani ndiyo ya kununua. Tatizo ni sehemu ya Edit, pale unapobadilisha majina, jezi na timu. Kwenye Xbox 360 sehemu hiyo ilikatwakatwa mpaka ikabaki mifupa. Kwa gemu ambayo karibu timu zote za Uingereza zina majina ya kubuni, hilo si jambo dogo, nitalirudia. Ongeza kwamba Xbox 360 za mwanzo zinajulikana dunia nzima kwa ugonjwa wa taa tatu nyekundu, na ukiziona hizo taa umebaki na pambo la kuwekea vitabu.

Ya kompyuta haikutokana na ile ya Xbox 360 bali na ya PS2. Ni PS2 ile ile kwenye kioo safi zaidi, na inaendeshwa hata na kompyuta ambazo leo watu wanaziona vyuma chakavu. Faida yake kubwa ni kufungulika. Wapenzi walitengeneza programu ya Kitserver inayoingiza jezi, mipira, nyuso na viwanja bila kuvuruga faili za gemu yenyewe, na mpaka leo kuna watu wanaoitia vikosi vya msimu mpya. Ukiichagua hii, usiicheze kwa kibodi. Tafuta pedi ya USB yenye vijiti viwili na vitufe vinne vya mabegani, uipange vitufe kwenye programu ya mipangilio inayokuja na gemu kabla hujaiwasha.

PSP ina vitufe viwili tu vya mabegani badala ya vinne na kijiti kimoja. PES imejengwa juu ya mabega ya pedi, kwa hiyo utahisi umefungwa mkono mmoja. Inafaa kwenye basi la masafa marefu. Ya Nintendo DS haina kijiti kabisa, na kwa kweli sioni wa kumshauri aitafute isipokuwa anayekusanya.

Kuinunua PS2 bila kuuziwa kimeo

PS2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Ndiyo maana bado zimejaa, na ndiyo maana vimeo vimejaa pia. Ziko za aina mbili: nene, yenye mlango wa diski unaotoka kama droo, na nyembamba iliyokuja 2004, ambayo unafunua mfuniko wa juu. Nene ina umeme wake ndani. Nyembamba nyingi zina adapta ya nje, isipokuwa zile za mwisho, SCPH-90000, ambazo umeme ulirudishwa ndani.

Geuza mashine chini na usome kibandiko. Tafuta volti. Mashine nene ya Japani imeandikwa volti 100, ya Marekani 120, na ukizichomeka kwenye soketi ya 240 bila kipunguza umeme, utasikia mlio mmoja na harufu moja. Muuzaji akikwambia hazina shida, mwambie aichomeke yeye. Hapo hapo kwenye kibandiko soma namba ya modeli, kwa sababu ndiyo inayokuambia mashine ni ya kanda gani. PES 6 ya Ulaya inataka mashine ya Ulaya, au mashine iliyowekwa chipu. Nyingi zilizopita mikononi mwa mafundi wetu zimewekwa chipu, lakini usikubali kuambiwa. Iwashwe, uone.

Na ikishawashwa, usiridhike na kuona picha. Mashine ikiwaka kuna sekunde chache unaona minara ya mwanga ikipita gizani. Minara ile si mapambo tu. Inaongezeka na kurefuka kadiri memori kadi inavyobeba historia ya gemu zilizochezwa. Minara mirefu kwenye mashine iliyosemwa ilikaa kabatini tangu inunuliwe ni ushahidi tosha, ilimradi memori kadi ni ya mashine hiyo. Baada ya hapo sikiliza. Diski ikizunguka vizuri inatoa mvumo mmoja usiobadilika. Ikianza kukwaruza, kunyamaza, kisha kukwaruza tena, lenzi inahangaika kusoma. Kioo chekundu kinachokutaka uweke diski ya PlayStation wakati diski imo ndani kinasema jambo hilo hilo kwa sauti kubwa zaidi. Anzisha mechi, iishe, anzisha nyingine. Lenzi mbovu mara nyingi hupita mechi ya kwanza na kugoma kwenye ya pili, mashine ikishapata joto.

Lenzi chafu si lenzi iliyokufa. Kwenye mashine nyembamba unafunua mfuniko na lenzi hii hapa, kijicho cha bluu. Pamba ya masikio iliyoguswa spiriti safi kidogo, unaipitisha kwa duara bila kukandamiza, unaacha ikauke. Kwenye mashine nene lazima ifunguliwe, na kama huna bisibisi na subira mpe fundi. Fundi akikimbilia kuongeza nguvu ya mwanga wa lenzi badala ya kuisafisha, mzuie: itasoma vizuri kwa muda, halafu itaungua.

Diski za kunakiliwa ndizo zilizotuzoesha wengi gemu hii, hakuna haja ya kujifanya malaika. Lakini lenzi ya PS2 inazisoma kwa shida kuliko za kiwandani, na nakala halisi ya PES 6 iliyotumika inapatikana kwa bei isiyotisha. Iinue kwenye mwanga kabla ya kulipa. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda nje haisumbui sana. Ule unaozunguka kufuata duara ndio unaokula data.

Memori kadi ya Sony ni megabaiti 8, na inatosha. Kuna za bandia zinazojigamba kuwa na megabaiti 64 au 128. Wiki ya kwanza zinafanya kazi vizuri, kisha siku moja msimu wako mzima wa Master League, ile ligi ya kujenga kikosi chako mwenyewe, unayeyuka. Hata ukipata mashine kwa bei ya chee, hapa usibane senti.

Pedi nayo ijaribiwe kitufe kwa kitufe. Kwa mcheza PES, vitufe vinavyochoka mapema ni msalaba na R1, kwa kuwa kimoja ni pasi na kingine ni mbio. Kikiwa kinazama bila kurudi, tatizo ni raba za ndani, na zinabadilishwa. Usidharau ile mishale minne ya upande wa kushoto. Wakongwe wengi wa PES hawagusi kijiti kabisa. Mishale inakata kona kali zaidi, na gemu hii ilikuwa bado inafikiri kwa pande nane.

Televisheni

Hapa watu wanaharibu gemu nzuri kwa nia njema. Unanunua kidude cha bei rahisi cha kugeuza PS2 kwenda HDMI, unachomeka kwenye televisheni bapa ya inchi 55, na ghafla unabonyeza shuti, mchezaji anafikiri kwanza, halafu ndiyo anapiga. Si mashine iliyochoka. Televisheni ya kisasa inapokea picha ndogo ya PS2, inainyoosha na kuipaka rangi kabla ya kukuonyesha, na kazi hiyo inachukua muda. Sehemu ndogo ya sekunde inatosha kabisa kukukosesha goli.

Televisheni ya chogo haina ucheleweshaji huo. Kama kuna moja imekaa stoo kwa wazazi, usiache ikauzwe kwa wa vyuma chakavu. Kebo za njano, nyeupe na nyekundu zinaingia moja kwa moja, na nyuso zile za mwaka 2006 zinaonekana sawa kwa sababu zilichorwa kwa ajili ya kioo cha namna hiyo. Ukilazimika kutumia bapa, ingia kwenye mipangilio ya picha utafute hali ya gemu na uzime kila kinachojiita kiboreshaji. Kisha ikiwa televisheni yako ina matundu ya kijani, bluu na nyekundu, tafuta kebo za komponenti. Picha inatulia na rangi haziingiliani.

Mashine ya Ulaya inatoa picha ya PAL, ambayo ndiyo televisheni zetu za zamani zilitengenezwa kuipokea. Ukiunganisha mashine ya Japani au Marekani kwenye chogo la zamani ukaona mechi nyeupe na nyeusi, mashine haijafa na televisheni haijafa; hawaelewani lugha ya rangi.

Merseyside Red ni nani?

Utafungua ligi ya Uingereza na kukuta Arsenal na Manchester United zimekaa na majina yao, halafu chini yake London FC, Merseyside Red, Merseyside Blue na wengine wa ukoo huo. Chelsea, Liverpool na Everton hao. Konami hawakuwa na leseni ya ligi nzima, wakapata ya timu mbili. Hispania, Italia, Ufaransa na Uholanzi ziko vizuri. Ujerumani ndiyo iliyoumia: leseni ya Bundesliga iliwatoka, Bayern Munich akabaki peke yake, na mahali pa ligi pakajazwa timu tupu zenye herufi badala ya majina.

Njia ya mkato ni faili la opsheni, ambalo mtu mwingine ameshakaa nalo akabadilisha kila jina na kila jezi. Unalipakua kwenye kompyuta, unalihamishia kwenye flashi, na kutoka kwenye flashi kwenda memori kadi ya PS2. Zamani ilihitajika diski ya Action Replay Max. Siku hizi wengi wanatumia memori kadi yenye Free McBoot na programu ya uLaunchELF, ambayo inafungua flashi na memori kadi kama makabati mawili yanayotazamana. Kabla ya kulipa hiyo memori kadi soma tena kibandiko cha mashine: SCPH-90000 nyingi haziikubali. Hakikisha pia faili ni la toleo lako. La PES 6 ya Ulaya halisomwi na Winning Eleven 10.

Lakini ukiwa na muda, usikimbilie njia ya mkato kwa timu zote. Zile timu tupu za Ujerumani ni zawadi. Ziko kumi na nane, zinabadilishwa jina, jezi, nembo na wachezaji. Nembo unaichora mwenyewe nukta kwa nukta, jezi unachagua kola, mistari na rangi. Tenga jioni mbili tatu, na utakuwa na Simba na Yanga kwenye PlayStation 2, au Gor Mahia na AFC Leopards, au zote nne kwenye ligi moja. Anza na jezi, kwa sababu ukiiona timu ina sura utapata moyo wa kuendelea na wachezaji. Kwa wachezaji usianze kutoka sifuri: chukua mchezaji aliyepo anayefanana naye kimwili na kimchezo, nakili takwimu zake, kisha badilisha jina, nywele na viatu. Na uwe mkweli na takwimu. Mfungaji bora wa ligi yetu ukimpa nguvu ya shuti 99, umemfanya Adriano, na mechi itapoteza ladha kabla ya mapumziko. Mpe 80, uone atakavyokulazimisha kutafuta nafasi.

Uwanjani

Kabla ya kuchagua kikosi, angalia mshale ulio pembeni ya kila jina. Mwekundu unaoelekea juu maana yake leo yuko kwenye siku yake. Wa kijivu unaoelekea chini maana yake hata akiwa Ronaldinho mwache benchi. Wanaoanza wanapuuza mishale hii wakipanga majina makubwa, na hilo linatosha kupoteza mechi kwa anayeisoma.

Vitufe vya kawaida ni msalaba kwa pasi fupi, duara kwa mpira mrefu na krosi, mraba kwa shuti, pembetatu kwa pasi ya kupenyeza. R1 ni mbio. Siri ya kwanza ya gemu hii ni kuachia R1. Mchezaji anayekimbia mpira unamtoka mguuni hatua moja mbele, na beki anakula hapo. Kimbia kwenye nafasi tupu, achia unapokaribia mtu, geuka, kimbia tena. L1 pamoja na msalaba inatoa pasi ya nipe nikupe, aliyepiga anaondoka mbio. L1 na pembetatu inanyanyua pasi ya kupenyeza ipite juu ya mabeki, na dhidi ya anayepandisha safu yake ya ulinzi hii pekee inatosha kumpa adabu.

Krosi inahesabu mibonyezo. Duara mara moja, mpira unapaa. Mara mbili, unakuja wa kati na wenye kasi. Mara tatu, unatambaa chini kukata mbele ya kipa. Wachezaji wengi wanaijua ya kwanza tu na wanashangaa kwa nini mabeki warefu wanaondoa kila kitu.

Kwenye shuti, kipimo cha nguvu kisizidi nusu ukiwa ndani ya boksi. Elekeza pembe kabla hujabonyeza, na zingatia mguu. Kila mchezaji ana takwimu ya mguu wake dhaifu, na gemu haikusamehi. Adriano akiwa na mpira kwenye kushoto umbali wa mita ishirini na tano, piga bila kujiuliza. Ukiwa kwenye kulia, rudisha nyuma upange upya. Kipa akitoka, L1 na mraba inauinua juu yake. Na ukimwona beki anajirusha kuzuia, bonyeza mraba kisha msalaba haraka: shuti linageuka danganyo, naye ameshalala.

Kukaba ndiko kunakotenganisha. Ukishika msalaba, mchezaji wako anamfuata mwenye mpira kama mbwa aliyeona paka, na anapitwa kwa mguso mmoja. Msalaba uguse-guse tu. Shika mraba ili mwenzake aende kubana, na wewe mtu wako mweke kwenye njia ya pasi. Duara la kujirusha liwe la mwisho, na pembetatu ya kumtoa kipa isibonyezwe kwa hofu.

Kuna kitu kimoja ambacho watu hucheza miaka bila kukijua. Mpira ukiwa njiani, gemu inamshika mchezaji wako na kumpeleka pale inapodhani utatua. Unabonyeza mishale, hasikii. R1 na R2 kwa pamoja zinamfungua. Wachezaji huiita supa kenseli. Krosi inakuja, beki wako amegandishwa kuusubiri mpira usiomhusu: bonyeza zote mbili, mkimbize kwa mshambuliaji.

Ukishazoea mechi za kawaida, ingia Master League na ukatae kuanza na mastaa. Chukua kikosi cha kubuni wanachokupa: Ivarov golini, Ximelez, Espimas, Minanda pale kati, na Castolo mbele. Ni wachezaji wa kawaida sana, na kwa sababu hiyo utajifunza kupasiana. Unaanza daraja la pili ukiwa na pointi kidogo, kila ushindi unaongeza, na mwisho wa msimu unalipa mishahara. Zisipotosha, umeishia hapo, hakuna kukopa. Kwa hiyo dirisha la usajili likifunguliwa angalia mshahara kabla ya jina. Kijana wa miaka kumi na nane mwenye mshahara mdogo anakua mechi kwa mechi. Staa wa miaka thelathini na mbili anashuka huku akikula kile kile. Wakistaafu, wengi hurudi misimu ya mbele wakiwa vijana wadogo, na ukiwawahi unawapata kwa bei ya karanga. Rekodi kwenye memori kadi kila baada ya mechi, si kila baada ya mwezi, hasa kama umeme wa mtaani kwako una tabia zake.

Mkiwa wawili au wanne na mnapeana zamu ya aliyefungwa kuachia pedi, kubalianeni masharti kabla ya kuwasha. Nyumbani kwetu Inter imefungiwa kwa sababu ya mtu mmoja mwenye mguu wa kushoto, na timu za wakongwe zinazofunguliwa kwa pointi za dukani zimefungiwa pamoja nayo. Anayeshika pausi mwenzake akiwa anaingia boksi, goli linahesabiwa.